UCHAMBUZI: Manjano, tembe za maumivu na ndoto ya kutibu ubongo unaozeeka

KAMPUNI ya dawa ya Novo Nordisk ya Denmark ilitangaza Novemba 24, 2025 kwamba tembe za semaglutide, dawa iliyovuma kote duniani kwa kutibu kisukari na kupunguza unene, zimeshindwa kuuzuia ugonjwa wa Alzheimer usiendelee. Majaribio mawili yaliyowashirikisha watu 3,808 wenye umri wa kati ya miaka 55 na 85 yalionyesha kwamba waliomeza dawa na waliomeza tembe tupu waliendelea kudhoofika akili kwa mwendo ule ule.

Humu nchini habari hiyo haikuzua gumzo. Ilistahili kuzua. Mojawapo ya sababu zilizowatia wanasayansi matumaini juu ya dawa hiyo ni dhana kwamba hupunguza uvimbe wa ndani kwa ndani, mwilini na ubongoni. Dhana hiyo hiyo ndiyo inayouza makopo ya unga wa manjano na vidonge vya mafuta ya samaki. Ndiyo pia inayomfanya mwana anunue tembe za maumivu ya viungo bila cheti cha daktari na kumpa mamake mzee kila asubuhi, kwa kuwa amesoma mahali kwamba zinakinga ubongo. Kwa hivyo swali si la maabara za Ulaya pekee. Ni la jikoni kwetu na la duka la dawa mtaani.

Kwanza istilahi, kwa maana lugha yetu bado haijatulia katika jambo hili. Wapo wanaosema ugonjwa wa kusahau, wapo wanaosema wazimu wa uzeeni, na wapo wasemao tu kwamba babu "amerudi utotoni". Nitatumia neno dimensia, kwa sababu kusahau ni dalili moja tu miongoni mwa nyingi. Mwenye dimensia hupotea njia aliyoipita miaka 40, hushindwa kuhesabu chenji, humshuku mkaza mwanawe kuwa amemwibia, na mwishowe hushindwa kula bila msaada. Alzheimer ndiyo aina iliyoenea zaidi. Aina nyingine kubwa hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na mara nyingi aina hizo mbili humpata mgonjwa mmoja kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimensia, na kwamba zaidi ya asilimia 60 yao wako katika mataifa yenye kipato cha chini na cha wastani. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na idadi hiyo inapanda.

Neno la pili ni uvimbe. Mtu akijikata kidole, mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Huko ni kujitetea kwa mwili: askari wake wamefika, wanaua viini na kuzoa uchafu. Baadhi ya waandishi wa masuala ya tiba wamelipa tendo hilo jina la mchochota, na ni jina zuri kwa kuwa halichanganyi jambo hili na uvimbe wa saratani. Mchochota wa siku chache ni rehema. Ule usiokoma, unaofuka chinichini miaka nenda miaka rudi kama moto wa pumba, ndio unaohusishwa na magonjwa ya moyo, kisukari, baridi yabisi na, kwa mujibu wa watafiti wengi wa leo, dimensia.

Ubongoni askari hao ni seli zinazoitwa mikroglia. Mhispania Pío del Río-Hortega ndiye aliyezitambua na kuzipa jina hilo mwaka 1919. Kabla yake, daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliuchunguza ubongo wa mgonjwa wake, Auguste Deter, aliyefariki mwaka 1906, akaona mambo mawili yaliyompa umaarufu: madoa ya uchafu kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Aliandika pia kwamba seli za glia, yaani zile zinazozihudumia seli za fahamu, zilikuwa zimeota nyuzi nyingi kupita kiasi. Hilo la tatu halikupewa uzito kwa miongo kadhaa. Macho yote yalikuwa kwenye madoa, ambayo siku hizi yanajulikana kuwa mrundiko wa protini iitwayo amiloidi.

Aliyeligeuza jicho upande wa pili ni daktari wa Canada, Patrick McGeer. Mwaka 1990, yeye na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kuhusu jambo la kushangaza: wagonjwa wa baridi yabisi, ambao humeza dawa za kupunguza mchochota kwa miaka mingi, walionekana kupata Alzheimer kwa nadra kuliko ilivyotarajiwa. Miaka mitatu baadaye jaribio dogo mno la dawa ya indomethasini huko Marekani lilidai kuwa wagonjwa walioitumia kwa miezi sita hawakuzorota kama wenzao. Kisha ukaja mwaka 2001. Utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, uliofuatilia watu 6,989 wenye umri wa miaka 55 na zaidi, uligundua kuwa waliotumia dawa za jamii ya ibuprofeni kwa miezi 24 au zaidi walikuwa na hatari ya kupata Alzheimer iliyopungua kwa asilimia 80 wakilinganishwa na wasiozitumia.

Asilimia 80! Hata mhariri aliyezoea kukata chumvi katika taarifa za watafiti angelazimika kuiweka hiyo katika ukurasa wa kwanza. Tembe za bei nafuu, zinazojulikana na kila muuza duka, zingelikinga bongo za mamilioni ya watu.

Yaliyofuata ni funzo ambalo wauzaji wa tiba hawapendi kulisimulia. Kumwangalia mtu aliyejichagulia kumeza dawa ni jambo moja. Kuwagawa watu kwa kura, hawa wapewe dawa na hawa tembe tupu, pasiwe na ajuaye nani kapewa nini, ni jambo jingine kabisa. Njia hii ya pili ilipotumika, matumaini yaliyeyuka. Mwaka 2000 ilibainika kuwa prednisoni, dawa kali ya jamii ya steroidi, haikuwasaidia wagonjwa 138 waliojaribiwa nayo, na tabia za waliopewa zilizidi kuharibika. Mwaka 2003 wagonjwa 351 walipewa naproksini, rofekoksibu au tembe tupu kwa mwaka mzima. Hapakuwa na nafuu. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya watu 1,457 waliokuwa na usahaulifu mdogo ambao haujafikia dimensia. Waliomeza rofekoksibu walipata Alzheimer kwa kiwango cha asilimia 6.4 kwa mwaka, ilhali waliomeza tembe tupu walipata kwa asilimia 4.5. Kwa lugha nyepesi, waliokunywa dawa ndio walioumia zaidi.

Jaribio lililobeba matumaini makubwa kuliko yote lilianza Marekani mwaka 2001 chini ya jina la ADAPT. Liliwaandikisha watu 2,528 wa miaka 70 na zaidi ambao akili zao zilikuwa timamu lakini jamaa zao waliwahi kuugua. Nia ilikuwa kuwakinga kabla ya ugonjwa kuingia. Septemba 2004 kampuni ya Merck iliiondoa rofekoksibu sokoni kwa sababu iliongeza mishtuko ya moyo na viharusi, na Desemba mwaka huo huo ADAPT nayo ikasimamisha dawa zake mbili, selekoksibu na naproksini, kwa hofu ya moyo. Washiriki walifuatiliwa kwa miaka baada ya hapo. Kinga haikuonekana.

Kuna wanaodai kwamba aspirini ni tofauti, kwa kuwa wazee wengi hupewa kiasi kidogo kwa ajili ya moyo. Uingereza iliijaribu kwa wagonjwa 310 na matokeo yakatolewa mwaka 2008: hakuna faida kwa akili, damu ilivuja zaidi. Australia na Marekani nazo ziliwashirikisha wazee 19,114 wenye afya njema katika jaribio la ASPREE. Baada ya takriban miaka mitano, aspirini haikupunguza dimensia, ila iliongeza visa vya kuvuja damu kwingi. Ifahamike kwamba aliyeandikiwa aspirini na daktari baada ya mshtuko wa moyo au kiharusi ana sababu nyingine ya kuimeza, na hapaswi kuiacha kwa sababu ya makala haya.

Je, Rotterdam walidanganya? La hasha. Jawabu lenye uzito ni kwamba ugonjwa huu huanza kujijenga ubongoni miaka 15 au 20 kabla ya familia kuona dalili ya kwanza. Yumkini dawa ya mchochota ingefaa katika umri wa miaka 50 na isifae, au hata idhuru, katika miaka 75. Sababu nyingine ni ya kibinadamu zaidi. Mtu ambaye akili yake imeanza kufifia hulalamika kidogo kuhusu maumivu, husahau kumeza tembe, na daktari naye husita kumwandikia. Ukiwahesabu watumiaji wa dawa baadaye, utawakuta wale wenye akili timamu ndio wengi, na utadhani ni dawa iliyowatunza ilhali ni akili timamu iliyowafanya waendelee kuitumia dawa.

Sababu ya tatu ndiyo inayonivutia mimi zaidi, kwa sababu inavunja lugha ya vita tuliyoizoea. Mikroglia si maadui wa kuzimwa. Mwaka 2013, makundi mawili ya watafiti, mojawapo likiwa la Iceland, yaliripoti kwamba watu wenye kasoro adimu katika jeni inayoitwa TREM2, ambayo huongoza kazi ya mikroglia, wana hatari ya kupata Alzheimer iliyo karibu mara tatu ya wengine. Maana yake ni kwamba wazoa taka hao wakilegea, madoa huachwa yakisambaa bila kudhibitiwa. Wakipandwa na hasira, humwaga kemikali zinazoua seli nzima zilizo jirani. Kuna wakati wanahitaji kutulizwa na kuna wakati wanahitaji kuhimizwa, na hakuna tembe ya maumivu inayojua tofauti hiyo. Hata dawa iliyobuniwa mahsusi ili kuiamsha TREM2, inayoitwa AL002, ilishindwa katika jaribio lililotangazwa mwaka 2024.

Sasa tugeukie mimea, kwa maana hapa ndipo wasomaji wengi watasema: wacha hao wazungu na kemikali zao, sisi tuna vya asili.

Manjano yanaongoza orodha. Kiini chake, kurkumini, hupunguza mchochota kweli kweli katika chupa ya maabara na katika panya. Wauzaji huongeza hoja kwamba Wahindi hula mchuzi wa manjano kila siku na kwa hivyo hawapati Alzheimer, wakinukuu utafiti wa Ballabgarh, kaskazini mwa India, uliokuta ugonjwa huo ni nadra. Utafiti upo. Lakini mwaka 2001 ulichapishwa pia ule uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis: kila mwaka, asilimia 1.35 ya wazee wa Ibadan walipata dimensia, ilhali kwa wenzao wa Indianapolis ilikuwa asilimia 3.24. Ibadan si mji wa mchuzi wa manjano. Mambo yanayotofautisha Ballabgarh na Chicago, au Ibadan na Indianapolis, ni mengi: uzito wa mwili, kazi ya mikono, shinikizo la damu, chakula kizima, na hata umri ambao watu huwahi kuufikia. Kumchagulia manjano sifa yote ni kama kumsifu mpiga ngoma mmoja kwa harusi nzima.

Manjano yalipojaribiwa kwa wagonjwa hasa, Hong Kong mwaka 2008 kwa watu 34 na Marekani mwaka 2012, hayakuonyesha nafuu. Sehemu ya tatizo ni kwamba utumbo hunyonya kurkumini kidogo sana, na kinachofika ubongoni ni kidogo zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Los Angeles walitumia aina iliyotengenezwa ili inyonywe vizuri, wakawapa watu wazima wasio na dimensia kwa miezi 18, na kumbukumbu zao zikaboreka kiasi. Ni habari njema, ila washiriki walikuwa 40 tu, na indomethasini nayo ilianza kwa jaribio dogo la kupendeza.

Manjano ya mchuzi wa pilau hayana neno. Manjano ya makopo, yaliyokolezwa mara nyingi ya kile kilicho katika chungu, ndiyo yenye maswali. Mwaka 2019 Italia iliripoti visa vya mchochota wa ini miongoni mwa watumiaji wa vidonge vya kurkumini. Mwaka huo huo watafiti waliofanya kazi Bangladesh walionyesha kuwa baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakipaka manjano rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Risasi ni sumu ya ubongo. Mtu anaweza kununua kinga ya akili sokoni na kurudi nyumbani na kiuaji chake. Na mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aongeze kurkumini ya vidonge kwa kumwuliza daktari kwanza, kwa kuwa hatari ya kuvuja damu huweza kupanda.

Majani ya ginkgo, mti wa kale wa China, yamefanyiwa majaribio makubwa kuliko mmea mwingine wowote katika suala hili. Marekani iliwapa wazee 3,069 wa miaka 75 na zaidi kwa wastani wa miaka sita, matokeo yakatoka 2008. Ufaransa ikafanya yake kwa watu 2,854, matokeo yakatoka 2012. Yote mawili yalikuta kuwa dimensia haikupungua. Mafuta ya DHA, aina ambayo imo pia katika samaki, yalijaribiwa kwa wagonjwa 402 kwa miezi 18, na mwaka 2010 jibu likawa lile lile, ingawa samaki kama chakula angali mboga bora kwa moyo.

China ilijaribu njia nyingine. Novemba 2019 iliidhinisha kwa masharti dawa ya GV-971, iliyotengenezwa kutokana na mwani wa kahawia, kwa maelezo kwamba hurekebisha vijidudu vya utumboni na hivyo kupoza mchochota wa ubongoni. Huo si mwani mwekundu unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni kule Kwale, ingawa sitashangaa mtu akitokea kuuza ule wa Kwale kwa jina la dawa. Jaribio la kimataifa lililokusudiwa kuthibitisha madai hayo lilikatizwa mwaka 2022 kabla ya kukamilika.

Mimi si adui wa mitishamba. Kwinini ilitoka katika gome la mti, na artemisinini inayotibu malaria ilitoka katika mmea uliotumiwa China kwa karne nyingi. Lakini miti hiyo ilipata heshima yake kwa sababu ilipimwa na ikafaulu. Hakuna mtu aliyeikubali kwinini kwa kuwa tu ni ya asili. Utamaduni wetu wenyewe ulikuwa na mizani: mganga wa kweli alijulikana kwa wagonjwa waliopona, na kijiji kilikuwa mashahidi. Anayeuza kwa simu kopo lisilo na anwani ya mtengenezaji hana kijiji cha kumshuhudia.

Tatizo ni kwamba mfa maji haachi kutapatapa, na familia yenye mgonjwa wa dimensia ni mfa maji. Dawa mpya zinazoondoa amiloidi zipo. Lekanemabu iliidhinishwa kikamilifu Marekani Julai 2023, na donanemabu ikafuata Julai 2024. Katika jaribio la watu 1,795, lekanemabu ilipunguza kasi ya kuzorota kwa asilimia 27 katika miezi 18, jambo ambalo kwenye mizani ya alama 18 ni tofauti ya chini ya nusu alama. Ilitangazwa kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka, huhitaji kutiwa mshipani na kupigwa picha za ubongo mara kwa mara, na baadhi ya wagonjwa huvimba au kuvuja damu ubongoni. Kwa familia ya kawaida ya Kakamega au Lamu, hiyo ni hadithi ya nchi nyingine. Kinachobaki karibu ni duka la dawa na kopo la unga.

Basi hasara inaingia kwa mlango gani? Wa kwanza ni mwili wa mzee mwenyewe. Tembe za daiklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa kila siku bila uangalizi, hutoboa tumbo, huchosha figo na hupandisha shinikizo la damu. Hebu msomaji alitazame hilo la mwisho kwa makini. Shinikizo la damu ni mojawapo ya visababishi vikuu vya dimensia. Yule mwana mwema tuliyemtaja hapo juu huenda anaulisha ugonjwa anaodhani anaufukuza.

Mlango wa pili ni muda unaopotea. Si kila mzee anayechanganyikiwa ana dimensia. Aliyekuwa sawa juzi na leo hamtambui mkewe huenda ana malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au nimonia. Anayedhoofika kwa miezi huenda amepungukiwa na vitamini B12, tezi lake la koo limelegea, ana huzuni nzito ya kufiwa, au alianguka akagonga kichwa na damu inakusanyika taratibu. Dawa zenyewe huchanganya: za usingizi, na zile za mafua na mzio zinazosinzisha, huuvuruga ubongo wa mzee kuliko wa kijana. Haya yote yana tiba. Mzee anayepewa manjano kwa miezi minane huku damu ikikusanyika kichwani hakuuawa na manjano, lakini yalimchelewesha.

Mlango wa tatu ni mbaya zaidi na tunaujua. Oktoba 2021 wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati huko Marani, Kisii, wakishukiwa kuwa wachawi. Huko Kilifi, wazee waliotishiwa kwa sababu ya mvi zao walilazimika kutafuta hifadhi katika kituo cha Kaya Godoma, eneo la Ganze. Sidai kwamba kila anayetuhumiwa huwa na dimensia. Mara nyingi kinachotafutwa ni shamba. Lakini ajuza anayezurura usiku nje ya boma la jirani, akijisemea peke yake, asijue alikotoka, anazo dalili zote za ugonjwa na zote za kile ambacho umati huita uchawi. Jamii inayoamini kwamba dimensia ni mambo ya viini na seli humrudisha kwake. Kwa sababu hiyo tu, somo hili la mchochota lina thamani hata kabla halijaleta dawa.

Na je, kuna kinachofaa? Kipo, ingawa hakiuziki katika kopo. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya visa vya dimensia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni elimu finyu utotoni, kutosikia vizuri, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, pombe nyingi, unene, kutofanya mazoezi, upweke, hewa chafu na macho yasiyotibiwa. Wataalamu wanaamini kuwa mengi ya haya, kuanzia kisukari hadi moshi, huudhuru ubongo kwa sehemu kupitia mchochota ule ule. Yaani huenda McGeer aliuona ugonjwa sawasawa. Kosa lilikuwa kutaka kuuzima moto kwa tembe huku kuni zikiendelea kutiwa.

Finland ilionyesha mwaka 2015, kwa watu 1,260, kwamba chakula bora, mazoezi, kuchangamsha akili na kudhibiti shinikizo la damu kwa pamoja huinua uwezo wa akili. Marekani ilirudia kwa watu 2,111 na mwaka 2025 ikapata mwelekeo huo huo. Lishe peke yake haikutosha: jaribio la Marekani la mwaka 2023 kwa watu 604 halikuona tofauti ya maana baada ya miaka mitatu. Kuna pia habari ya kuvutia kutoka Wales, iliyochapishwa Aprili 2025. Chanjo ya mkanda wa jeshi ilitolewa kule kwa waliozaliwa kuanzia Septemba 2, 1933, na waliozaliwa siku chache kabla wakanyimwa. Mgawanyo huo wa kubahatisha uliwafaa watafiti kama kura: katika miaka saba iliyofuata, chanjo ilipunguza visa vipya vya dimensia kwa takriban asilimia 20. Huenda ni kwa sababu kirusi kilichozuiwa hakikuamsha mchochota, huenda kuna sababu nyingine.

Utafiti ambao Wizara ya Afya yetu ingeufaa kuusoma neno kwa neno, hata hivyo, ni wa vijiji vya China. Vijiji 326 viligawanywa kwa kura. Katika nusu yake, wahudumu wa kijijini wasio madaktari kamili walipewa jukumu la kuwapima watu wenye shinikizo la damu, kuwapa dawa za kawaida za bei nafuu au za bure na kuwafuata nyumbani. Watu 33,995 wa miaka 40 na zaidi walishiriki. Baada ya miaka minne, matokeo yaliyotolewa 2025 yalionyesha kuwa dimensia ilikuwa imepungua kwa asilimia 15 katika vijiji hivyo. Hapakuwa na kemikali mpya, wala mmea wa ajabu.

Kenya ina watu hao tayari. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakakabidhiwa mikoba yenye vipimo vya shinikizo la damu na vya sukari. Makueni nako wataalamu wetu wenyewe wameshafanya utafiti kuhusu dimensia na unyanyapaa unaoiandama, kwa hivyo hatuanzi gizani. Kinachokosekana ni kiungo cha mwisho: mhudumu akipima Mutomo au Garsen na kukuta shinikizo limepanda, mzee huyo anatumwa wapi, na akifika huko atapata tembe za mwezi mzima au ataambiwa arudi wiki ijayo? Katika vijiji vya China dawa ilikuwepo kila mara, kwa miezi 48 mfululizo.